Je, Wajua? Maktaba Moja, Kompyuta Tatu

Je, wajua kwamba kitabu pepe cha kwanza kilichapwa kwa mkono, herufi kwa herufi, tarehe 4 Julai 1971? Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alikuwa amepewa nafasi ya kutumia kompyuta kubwa ya chuo, Xerox Sigma V. Akaketi akachapa Tamko la Uhuru la nchi yake. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa Project Gutenberg, ambao leo una vitabu zaidi ya 70,000 vya kupakua bure. Hart aliona jambo moja mapema kuliko wengi: andiko likishaingia katika kompyuta, linaweza kunakiliwa bila mwisho.

Nakala zikiwa nyingi, huja swali la ipi ni ya sasa. Mwenye kompyuta ofisini, laptop nyumbani na nyingine kwa ajili ya watoto hukutana na swali hilo kila anapoweka kitabu upande mmoja akakikosa upande mwingine. Wengi hulijibu kwa Calibre, programu ya kupanga vitabu pepe, wakiiunganisha na hifadhi ya wingu. Jibu hilo ni zuri, lakini lina mtego wake, na maktaba iliyokusanywa kwa miaka inaweza kuvurugika kwa dakika chache. Mtego wenyewe unaepukika kabisa, ndiyo maana safu ya leo imeelemea huko.

Je, wajua kwamba Calibre haikuanzishwa na kampuni yoyote? Ilianza Oktoba 2006, muda mfupi baada ya Sony kuingiza sokoni kisomeo chake cha PRS-500. Programu iliyoambatana na kifaa hicho haikufanya kazi kwenye Linux. Kovid Goyal, wakati huo akisomea fizikia California Institute of Technology, akaandika yake mwenyewe na kuiita libprs500. Mwaka 2008 jina likabadilika kuwa Calibre. Ni ya bure mpaka leo, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux. Nyumba yenye kompyuta za kila aina haihitaji zaidi ya hapo.

Je, wajua kwamba maktaba ya Calibre ni folda ya kawaida tu? Ifungue bila Calibre na utakuta folda kwa kila mwandishi, ndani yake folda kwa kila kitabu, jina la kitabu likifuatwa na namba katika mabano. Humo mna kitabu chenyewe, picha ya jalada iitwayo cover.jpg, na faili dogo la metadata.opf lenye jina la mwandishi, mchapishaji, lugha, lebo na maelezo mengine. Calibre ikitoweka kesho, vitabu vyako vitasomeka vilevile. Huo ni uamuzi wa heshima kwa msomaji, na si programu zote zinazoufanya.

Kisha, juu ya folda zote hizo, kuna faili linaloitwa metadata.db. Hii ndiyo orodha kuu. Kila unachokiona Calibre inapofunguka, kuanzia majina, mfululizo, nyota ulizotoa hadi lebo na safu ulizobuni mwenyewe, kinatoka humo.

Na je, wajua kwamba faili hilo lina nasaba ya manowari? Ni hifadhidata ya aina ya SQLite, iliyotungwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa akifanya kazi ya General Dynamics kwa ajili ya manowari za Jeshi la Wanamaji la Marekani. Programu iliyotumika ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva ikizima, kazi inasimama. Hipp akataka data ikae ndani ya faili moja la kawaida, bila seva na bila msimamizi. Leo SQLite imo katika kila simu ya Android na kila iPhone, na Maktaba ya Congress ya Marekani imeiweka miongoni mwa miundo inayoipendekeza kwa kuhifadhi data. Haina hakimiliki. Hipp na wenzake waliiachia umma wote.

Sasa tufike kwenye hatari, na hapa nitakwenda polepole.

Unapobadilisha kitu katika Calibre, tuseme unaweka lebo ya "riwaya" kwa vitabu 40 kwa mkupuo, SQLite haikimbilii kuandika juu ya faili kuu. Kwanza hufungua faili la pembeni, ambalo jina lake huishia na -journal, na kunakili humo kurasa za zamani zinazokaribia kubadilishwa. Kisha huandika mapya katika faili kuu. Ikimaliza salama hulifuta lile la pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku utakayofungua tena Calibre, SQLite italikuta faili la pembeni, itajua kwamba kazi haikuisha, na itarudisha kurasa za zamani mahali pake. Ndani ya kompyuta moja mpango huu ni imara ajabu.

Programu ya wingu haijui lolote kati ya hayo. Yenyewe huona mafaili mawili yaliyobadilika na hulipeleka kila moja kwa wakati wake. Inaweza kulichukua faili kuu likiwa limeandikwa nusu, na ikifika kwenye la pembeni ikakuta limeshafutwa. Kompyuta ya pili hupokea orodha ambayo kurasa zake baadhi ni za jana na baadhi ni za leo, bila lile faili lililokusudiwa kuiponya. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wameandika maelezo marefu ya namna hifadhidata inavyoweza kuharibika, na kulitenganisha faili kuu na jarida lake ni mojawapo ya njia walizozitaja.

Uandishi huo huchukua sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo mtu anaweza kuacha usawazishaji ukiendelea huku Calibre iko wazi, miezi ikapita bila tatizo, akaamini kwamba hakuna tatizo. Dawa yake ni nyepesi. Dropbox, OneDrive na Google Drive zote zina kitufe cha kusimamisha usawazishaji kwa muda. Kibonyeze kabla ya kupanga maktaba, fanya kazi yako, funga Calibre, kisha uruhusu wingu liendelee.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu haitegemei bahati mbaya ya sekunde. Calibre inapofunguka husoma orodha nzima na kuiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ikiwa umeiacha wazi ofisini Ijumaa jioni, kisha ukafungua ya nyumbani Jumamosi na kuongeza vitabu, wingu litalibadilisha faili la ofisini bila Calibre ya ofisini kujua. Jumatatu utakapogusa lebo moja tu, ile ya ofisini itaandika kwa kufuata orodha iliyo kichwani mwake. Ni sawa na wauzaji wawili wa duka moja, kila mmoja na nakala yake ya daftari la madeni, wakikutana mwisho wa wiki kila mmoja akishikilia kwamba lake ndilo sahihi.

Je, wajua kwamba Calibre hukataa kufunguliwa mara mbili kwenye kompyuta ileile? Ina ulinzi huo. Lakini ulinzi hauvuki ukuta wa kompyuta. Haiwezi kujua kwamba kuna dada yake aliye wazi ng'ambo ya mji. Mwongozo wa Calibre unaonya vilevile kuhusu kuiweka maktaba kwenye diski ya mtandao inayotumiwa na kompyuta kadhaa, kwa sababu SQLite hutegemea kufuli za mafaili, na kufuli hizo mara nyingi haziaminiki kupitia mtandao.

Kwa nini wingu lisiamue lenyewe ni orodha ipi iliyo mpya? Jibu lina miaka mingi. Mwaka 1978 Leslie Lamport alichapisha makala mashuhuri kuhusu saa na mpangilio wa matukio katika mifumo iliyotawanyika. Alionyesha kwamba kompyuta mbili zisizowasiliana haziwezi kutegemea saa zao kuamua lipi lilitangulia, na kwamba baadhi ya matukio hayana "kabla" wala "baada" kati yao. Kazi yako ya Jumamosi nyumbani na kazi yako ya Jumatatu ofisini, kama kompyuta hazikuwasiliana katikati, ni za jamii hiyo. Ndiyo maana Dropbox hubakisha nakala zote mbili na kulipa faili moja jina jipya linaloonyesha kwamba kuna mgongano. Syncthing nayo huongeza katika jina la faili maneno sync-conflict pamoja na tarehe na saa.

Nyaraka mbili za maandishi unaweza kuzilinganisha kwa macho ukaziunganisha. Hifadhidata mbili huwezi. Calibre itaendelea na ile iitwayo metadata.db na kuipuuza nyingine. Vitabu ulivyoongeza nyumbani vitakuwa bado kwenye diski, katika folda zake, lakini havitaonekana katika orodha. Watu hufikiri vimepotea wakaanza kuvipakua upya. Havijapotea: katika matengenezo ya maktaba kuna amri ya kukagua maktaba, nayo huorodhesha kila folda yenye kitabu kisichomo katika orodha kuu, na kila kitabu kilichomo katika orodha ambacho faili lake halipo. Iendeshe kila mwezi hata kama huoni kasoro.

Basi utaratibu ni huu. Funga Calibre. Ngoja alama ya wingu ionyeshe kwamba kila kitu kimefika. Ndipo ufunike laptop. Uendako, washa kompyuta, ngoja alama ileile, ndipo ufungue Calibre. Anayeshika utaratibu huo anaweza kutumia huduma yoyote kati ya zile kubwa bila wasiwasi.

Je, wajua kwamba faili linaweza kuonekana lipo na lisiwepo? Tangu 2017 OneDrive ina uwezo wa kuonyesha jina na alama ya faili kwenye kompyuta huku maudhui yake yakibaki mawinguni mpaka utakapolifungua. Google Drive nayo ina njia mbili, moja ya kutiririsha na moja ya kuweka nakala kamili. Kwa picha za harusi huo ni msaada, nafasi inaokolewa. Kwa maktaba ya Calibre haufai. Programu inayotarajia kukuta faili halisi itakuta ganda, na mtandao ukiwa haupo, hakuna kitakachofunguka. Iagize folda nzima ya maktaba ibaki kwenye kifaa wakati wote.

Je, wajua kwamba jina la safu hii haliwezi kuwa jina la faili kwenye Windows? Alama ya kuuliza imepigwa marufuku, pamoja na nukta pacha, nyota, alama za kufungua na kufunga semi, mkwaju wa kila upande, kistari wima, na zile mbili za kubwa-kuliko na ndogo-kuliko. Linux inaziruhusu karibu zote. Calibre hulikwepa tatizo kwa kuweka mstari wa chini mahali pa alama zilizokatazwa, ndiyo sababu jina la kitabu kwenye folda halifanani kabisa na lile unaloliona katika orodha. Liache hivyo. Anayeingia kwenye folda na kubadilisha majina kwa mkono huikata kamba inayounganisha folda na orodha.

Kuna na majina yaliyozuiwa tangu enzi za DOS: CON, PRN, AUX na NUL. Huwezi kuunda folda yenye jina mojawapo kwenye Windows, hata leo.

Na hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Windows na macOS, kwa kawaida yake, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya folda; Linux hutofautisha. Mtu mwenye folda mbili kwenye Linux, moja "Shaaban Robert" na nyingine "SHAABAN ROBERT", akizipeleka kwenye Windows kupitia wingu, zitagombania nafasi moja. Calibre pia hupanga waandishi kwa kutanguliza jina la mwisho, hivyo Shaaban Robert huwekwa chini ya R. Kwa majina yetu mengi utaratibu huo si wa asili. Unaweza kuandika mwenyewe jina la kupangia kwa kila mwandishi, na mabadiliko hayo yatasafiri na maktaba kwenda kompyuta zote. Majina yenyewe yasahihishe kabla maktaba haijakua, maana ukibadilisha jina la mwandishi Calibre huhamisha folda yake yote, na wingu hulazimika kuzifuata hatua hizo faili kwa faili.

Usisahau lugha ya kitabu. Ndani ya EPUB kuna mahali pa kuitaja, na alama ya Kiswahili ni sw. Vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa en nimeviona vingi mno. Programu ya kusoma kwa sauti hufuata alama hiyo, kwa hiyo kitabu chenye en husomwa kwa matamshi ya Kiingereza.

Je, wajua kwamba EPUB ni faili la zip lililovaa jina jingine? Badilisha kiambishi chake kuwa .zip, ulifungue, utakuta kurasa za mtandao, picha na mitindo ya maandishi. Kanuni inataka faili la kwanza kabisa humo liitwe mimetype, lisibanwe, na liwe na herufi 20 tu: application/epub+zip. Muundo huu ukawa kiwango rasmi mwaka 2007. Mwaka 2017 shirika lililouhifadhi, IDPF, likaungana na W3C, wasimamizi wa viwango vya wavuti, na Mei 2023 W3C ikapitisha EPUB 3.3.

Sasa bando. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki MB 1. Dropbox hutoa GB 2 bure, OneDrive GB 5, Google GB 15 ambazo unagawana na barua pepe na picha zako. Hata GB 2 zinatosha riwaya zipatazo 2,000, zaidi ya wengi wetu tutakavyosoma maishani. Kinachomaliza nafasi ni PDF za kurasa zilizopigwa picha: kitabu kimoja cha aina hiyo kinaweza kula makumi ya MB. Ukianzisha pia utafutaji wa maneno ndani ya vitabu vyote, ulioletwa na Calibre 6.0 mwaka 2022, faili jipya la hifadhidata litazaliwa katika maktaba na kukua kwa kadiri ya vitabu vyako. Nalo wingu litalipandisha.

Habari njema ni kwamba kurekebisha maelezo ya kitabu katika Calibre hakugusi kitabu chenyewe. PDF ya MB 80 ukiisahihisha jina la mwandishi, kinachobadilika ni orodha kuu, lile faili dogo la .opf, na majina ya folda. Dropbox hukata mafaili katika vipande vya MB 4 na kukipa kila kipande alama yake kwa hesabu ya SHA-256. Kipande ambacho alama yake imeshaonekana hakipandishwi tena, hata folda ikibadilishwa jina.

Je, wajua kwamba Dropbox inaweza kuvihamisha vitabu kati ya kompyuta mbili za nyumba moja kupitia Wi-Fi ya ndani? Mawasiliano madogo huenda kwenye seva zake, lakini mzigo wenyewe hupita humohumo sebuleni. Unalipia kupakua mara moja badala ya mara mbili. Kumbuka tu kwamba tangu Machi 2019 akaunti ya bure ya Dropbox inaruhusu vifaa vitatu.

Wasiotaka wingu kabisa wana Syncthing, iliyoanzishwa na Jakob Borg mwaka 2013. Haina ghala popote. Kompyuta zako huzungumza zenyewe kwa zenyewe, mawasiliano yakiwa yamefungwa kwa msimbo wa siri, na zikiwa kwenye mtandao mmoja wa nyumbani hazihitaji intaneti. Sharti lake ni kwamba zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja. Mtego wa metadata.db uko palepale, utaratibu wa kufunga na kungoja ni uleule.

Ndani ya Calibre yenyewe mna seva ambayo watu wengi hawajawahi kuiwasha. Ukiiwasha, kompyuta moja inakuwa maktaba, na simu au laptop yoyote kwenye Wi-Fi hiyo inaifungua kwa kivinjari, kwa kawaida kupitia mlango namba 8080. Watoto wanasoma, wanapakua, wala hawana haja ya Calibre kwenye vifaa vyao. Ukiwaundia majina ya watumiaji, kila mmoja ataendelea pale alipoishia hata akibadilisha kifaa. Kwa nyumba au shule ndogo hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu orodha kuu huandikwa mahali pamoja tu na mgongano hauna pa kuanzia. Bando haliguswi.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika vibaya Tanzania, Kenya na majirani. Seacom ndiyo iliyofika pwani yetu mwaka 2009 na kutufungulia intaneti ya kasi. Siku zile, aliyeweka maktaba yake kwa njia ya kutiririsha alibaki na majina ya vitabu. Aliyekuwa na nakala kamili kwenye diski aliendelea kusoma.

Je, wajua kwamba kusawazisha si kuweka akiba? Ukifuta kitabu ofisini, wingu litakifuta nyumbani kwa utiifu uleule liliokileta nao. Calibre huvitunza vitabu vilivyofutwa kwa siku 14 katika folda iliyofichwa ndani ya maktaba, na pipa la taka la Google Drive hukaa na vitu kwa siku 30. Baada ya hapo hakuna wa kumwuliza. Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na mwenzao Peter Krogh: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa msomaji ina maana ya laptop, diski ya nje inayochomekwa siku ya kuweka akiba kisha ikachomolewa, na wingu.

Kuna vitabu ambavyo hakuna usawazishaji unaoweza kuvilinda. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali, kutoka kwenye visomeo vya Kindle, nakala za 1984 na Animal Farm za George Orwell ambazo muuzaji wake hakuwa na haki ya kuziuza. Wanunuzi walirudishiwa pesa, na Jeff Bezos aliomba radhi hadharani. Julai 2019 vitabu vilivyouzwa kwenye duka la Microsoft viliacha kufunguka baada ya sehemu yake ya vitabu kufungwa. Pesa zilirudishwa, vitabu havikurudi. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta ili kuvihamisha kwa waya. Naamini msomaji ana haki ya kujua, kabla ya kulipa, iwapo ananunua kitabu au anakodishiwa kibali cha kukisoma. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inawataka wauzaji kulisema hilo wazi.

Vitabu visivyofungwa vipo. African Storybook, mradi wa asasi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za bara hili, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kusambaza. Hizo unaweza kuzigawa kwa shule nzima. Vile ulivyonunua viweke kwako. Kiungo cha wazi cha folda yako ya wingu ni sawa na kuchapisha kazi ya mtu bila ruhusa yake, na waandishi wetu wanapata kidogo mno tayari.

La mwisho ni la siku ya msiba, siku Calibre itakaposema orodha kuu imeharibika. Usifute kitu. Simamisha usawazishaji kwenye kompyuta zote ili uharibifu usienee, kisha unakili folda nzima kwenye diski ya nje. Angalia kama huduma yako ya wingu ina toleo la jana la metadata.db, Dropbox hutunza matoleo ya zamani kwa siku 30 hata kwa akaunti ya bure. Kama halipo, Calibre ina amri ya kuijenga upya hifadhidata kwa kusoma yale mafaili madogo ya metadata.opf, folda baada ya folda. Kila kitabu hurudi na mwandishi wake, lebo zake, mfululizo wake na hata safu ulizobuni. Mafaili hayo huandikwa taratibu Calibre ikiwa wazi, na katika sehemu ileile ya matengenezo ya maktaba kuna mahali panapoonyesha ni vitabu vingapi bado havijaandikiwa. Baada ya kupanga vitabu vingi kwa pamoja, pitia hapo kwanza, subiri idadi ifike sifuri, ndipo ufunge.